Rangi ya Barafu kwenye Bwawa la Tamsett

Jumamosi, 29 Desemba 1894

Sanduku langu limerudi kutoka Boston. Picha tatu zilikwenda, tatu zimerudi, na moja imechanika kona. Barua ya chama cha wachoraji ina mistari miwili: kazi yangu ni safi, ila Wafaransa wa kutosha wanao tayari. Mimi Thirza Pomeroy, niliyezaliwa hapa Quannock, Connecticut, nyumba ya tatu kutoka kanisani, leo nimegeuka Mfaransa.

Sina wa kumlaumu. Miaka mitatu nilikaa kijiji kimoja cha Ufaransa karibu na mto Seine nikijifunza mtindo wa hao wanaoitwa Waimpreshonisti: toka nje, usikae ndani na mishumaa, usiufunge umbo kwa mstari, weka rangi safi kando ya rangi safi mpaka mwanga wenyewe ucheze. Nilirudi Oktoba kwa sababu shangazi Keziah alivunjika nyonga na hana mtu mwingine. Leo aliniomba nimwegemezee picha kwenye kiti azione.

"Huyu mama wa bustanini," akasema, "uso wake umeyeyuka?"

"Ni mwanga, shangazi."

"Kumbe. Basi si ahamie kivulini!"

Bwana Penniman, mwalimu wangu wa zamani aliyemo kwenye hicho chama, ameongeza kikaratasi kwa mkono wake. Watapokea picha moja zaidi kutoka kwangu kabla ya tarehe mosi Machi. "Leta kitu ambacho Mfaransa asingeweza kukichora," anasema. Nikikataliwa tena nitakubali ile kazi ya kufundisha mwandiko shule ya wasichana, na rangi nitamgawia anayezitaka.

Jumatatu, 31 Desemba

Theluji kutwa. Mwaka unafungwa na sijashika brashi.

Alhamisi, 3 Januari 1895

Nimekwenda bwawa la Tamsett. Limeganda ukingo hadi ukingo. Nilisimamisha stendi yangu ya kuchorea kwenye kilima kidogo upande wa mashariki, pale kijito kinapoingilia, kwa sababu saa mbili asubuhi jua hupita chini-chini juu ya barafu na kila kivuli kinakuwa buluu.

Lakini jua la hapa si la kule. Kule hewa yenyewe ina maziwa, kila kitu kinalainika kabla hakijakufikia. Hapa hewa imefuliwa ikaanikwa. Ghala la barafu ng'ambo ya bwawa linaonekana hadi misumari. Mkono wangu, kwa mazoea, ulichora maziwa.

Rangi za mafuta zimekuwa ngumu kama siagi ya juzi. Nyeupe ndiyo kaidi kuliko zote. Nilimenyana nayo hadi vidole vikafa ganzi.

Alikuja Enos Rudd, msimamizi wa wavuna barafu, mtu mpana mwenye ndevu zilizoganda. Hakusalimu.

"Bi Thirza, umesimama kwenye njia ya farasi."

"Naona farasi bado wako zizini, Bwana Rudd."

"Njia haingoji farasi," akasema, akanisubiri mpaka nikahama hatua sita. Bedui mtupu.

Jumamosi, 5 Januari

Maharage ya kuoka, kama kila Jumamosi tangu dunia iumbwe. Upepo wa kaskazini.

Jumatano, 9 Januari

Barafu imefika inchi kumi na uvunaji umeanza. Wanaume kumi na wawili, farasi wanne. Kwanza wanakwangua theluji, kisha farasi anavuta jembe lenye meno linalochora mistari kwenye barafu kama daftari la mwanafunzi, kisha misumeno, kisha mitaimbo ya kupasulia. Mapande yanasukumwa kwa upondo kwenye mfereji wa maji mpaka ghalani, yanafukiwa kwa unga wa mbao yangoje joto la Julai, watu watakapoyanunua. Nimeyaona haya tangu utoto na leo ndiyo mara ya kwanza nimeyatazama.

Saa ya chakula watu walinizunguka na vikombe vyao vya kahawa. Rudd aliitazama picha yangu muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hiyo ni barafu?"

"Ni barafu."

"Hiyo barafu haimbebi hata paka."

"Labda paka wa Kifaransa," akasema Shubael Crane, yule mwembamba anayemwongoza farasi jike aitwaye Juno, na wote wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nilijibu kwamba sichori barafu, nachora mwanga ulio juu yake. Rudd alitikisa kichwa polepole. "Mwanga sawa. Lakini hawa watu wangu wamesimama juu ya nini?"

Alhamisi, 10 Januari

Sikwenda. Mtu ambaye hajawahi kuona picha zaidi ya kalenda ya duka la mbegu ananifundisha kazi yangu.

Jumamosi, 12 Januari

Shangazi ameketi kitandani siku mbili akishona na kunificha anachoshona. Leo amenipa koti la marehemu mjomba. Ndani, kwenye bitana, ametia vifuko kumi na vinne, kila kimoja saizi ya tyubu ya rangi. "Joto la mwili wako lizilainishe," akasema. "Mimi huo uchoraji siuelewi, lakini baridi naielewa." Nilimbusu akanisukuma.

Maharage.

Alhamisi, 17 Januari

Koti ni muujiza. Nyeupe inatii.

Nimeamua kufanya kama tulivyofanya kule: mahali pamoja, saa ileile, kila siku, kwenye vibao vidogo vya kiganja kimoja na nusu. Nimechagua kile kipembe cha mdomo wa kijito. Asubuhi rangi yake ni kijani kinachoelekea buluu, kama chupa ya dawa. Rudd hapatazami. Anatembea juu ya bwawa kutwa, macho miguuni, kama aliyepoteza kifungo.

Jumanne, 22 Januari

Upepo umegeuka, unatoka kusini. Kibao cha kwanza cha wiki. Kijani-buluu.

Jumatano, 23 Januari

Matone kwenye paa usiku kucha. Kibao cha pili. Kipembe kile leo kina urujuani kwa chini. Kizuri ajabu.

Alhamisi, 24 Januari

Kibao cha tatu. Rangi imekuwa kijivu cha risasi chenye zambarau, pembeni imezungukwa na weupe. Nilichanganya mara nne nikaipata barabara. Niliondoka bwawani nikiimba.

Ijumaa, 25 Januari

Nitaandika yote kabla sijalala.

Ilikuwa saa tatu na kitu asubuhi. Nilikuwa kilimani na kibao cha nne. Rudd alitaka kumaliza upande wa mashariki kabla barafu haijaharibika kwa joto, kwa hiyo Shubael alimleta Juno na jembe kuelekea mdomo wa kijito. Nilifurahi. Nilikuwa nikitamani farasi mwekundu kwenye kijivu kile, nami nikakamua rangi nyekundu kwenye ubao wa kuchanganyia nikimngoja.

Haikulia. Watu husema barafu hupasuka kwa mlio wa bunduki. Hii ilishusha pumzi tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti laini, na Juno akazama hadi shingoni.

Shubael alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Kila farasi wa barafu huvaa kamba yenye tanzi shingoni kwa ajili ya siku kama hiyo: ukimkaba, hewa inabaki kifuani, anaelea kama pipa. Shubael alilala kifudifudi akaivuta mpaka macho ya mnyama yakatoka. Juno aliinuka kidogo, akarudi chini. Jembe. Lilikuwa bado limefungwa kwake kwa minyororo, chuma kitupu, linamvuta chini ya barafu.

Rudd alivua koti, akachukua shoka dogo, akaingia majini.

Sikumbuki kushuka kilima. Nakumbuka kwamba nilikuwa na upondo mkononi na mtu akaupokonya akanipa mwisho wa kamba. "Vuta, dada! Usitazame, vuta!" Nikavuta. Kichwa cha Rudd kilizama mara mbili. Mara ya tatu kilipotoka alikuwa amekata ngozi zilizoshika minyororo, na kamba ikawa nyepesi ghafla hata nikaanguka. Watu walisukuma mbao chini ya kifua cha Juno. Wanaume kumi na mwanamke mmoja tukamtoa, akateleza juu ya barafu kama pande jingine la mavuno. Shubael alimlegezea kamba, akamchapa, akalia, akamkimbiza huku na huku chini ya mablanketi matano.

Rudd alitoka mwenyewe. Midomo ilikuwa ya buluu, na Mungu anisamehe, niliijua buluu ile kwa jina lake la dukani.

"Panda gari la theluji, Enos," watu wakamwambia.

"Farasi kwanza," akasema, akaenda nyumbani kwa miguu, nguo zikigandia mwilini.

Nilirudi kilimani kukusanya vitu. Vibao vitatu vilikuwa vimepangwa ndani ya kifuniko cha sanduku: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kijani. Urujuani. Risasi.

Nilikuwa nimeuona ule mdomo wa kijito ukioza siku tatu mfululizo. Niliunakili kwa uangalifu mkubwa. Na niliondoka nikiimba.

Jumapili, 27 Januari

Mchungaji ameomba dua kwa ajili ya Enos Rudd. Ana kichomi.

Jumatatu, 28 Januari

Sijachora. Shangazi amenitazama kutwa nzima, hatimaye akauliza. Nikamweleza. Hakunifariji. Alisema, "Mwanangu, hilo usimwambie shangazi yako. Mwambie Enos mwenyewe."

Jumatano, 30 Januari

Homa yake imeshuka. Baridi imerudi kwa nguvu.

Ijumaa, 1 Februari

Nimekwenda. Mkewe, Mercy, alinifungulia mlango akiwa na unga mikononi. Rudd alikuwa ameegemezwa mito mitatu, ndevu zimechanwa, amepungua nusu. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, na yote yakaniruka.

"Bwana Rudd, nilijua. Hapana, sikujua. Niliona. Kipembe kile kilibadilika rangi siku tatu, na mimi nilikuwa nakichora. Niliona rangi, sikuona barafu."

Mercy aliacha kukanda.

"Hivyo vibao unavyo hapo?" akauliza Rudd.

Nilivitoa. Alinyoosha blanketi juu ya magoti yake. "Vipange. Siku kwa siku." Nikavipanga. Akaviinamia na kuvisoma kama mtu anayesoma gazeti lenye habari ya nyumbani kwake, kidole kikipita bila kugusa.

"Hii Jumanne, ngumu bado. Jumatano maji ya kijito yamepanda, yanaila kwa chini. Alhamisi..." Alikohoa kwa muda mrefu. "Alhamisi mtoto asingepita hapo." Kisha akaniangalia na sura yake ikabadilika. "Ungefungua mdomo, Bi Thirza, yule mnyama asingezama."

"Najua."

"Na Shubael ana watoto watano."

"Najua, Bwana Rudd."

Hakulainisha, nami sikutaka alainishe. Lakini baadaye alirudi kwenye vibao. "Miaka ishirini na miwili natembea juu ya bwawa lile nikitazama miguuni. Ukiwa juu yake hii huioni. Watu wameshakanyaga, kumejaa tope la theluji. Lazima uwe kando, jua likiwa chini." Akakichukua cha Alhamisi akakileta karibu na dirisha. "Mimi nilikuambia hujui barafu. Unaijua kuliko mimi, ila hujui kwamba unaijua."

Mercy akasema kutoka mezani, "Enos, hiyo ni sifa au ni tusi?"

"Bado naamua," akasema. Kisha kwangu: "Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili uwe kilimani. Kila siku mpaka tumalize. Ukiona kitu, usikichore kwanza. Piga kelele."

Jumatatu, 4 Februari

Nilipiga kelele. Kilikuwa kivuli cha wingu. Watu kumi na wawili walikimbia kwa ajili ya wingu. Nilitamani ardhi inimeze, lakini Shubael alinivulia kofia. "Bora wingu," akasema.

Ijumaa, 8 Februari

Tufani ya theluji. Hatuoni hata uzio.

Jumanne, 12 Februari

Rudd amerudi kazini, amefungwa shali ya Mercy kifuani na hakuna anayethubutu kutania. Saa ya chakula alinichukua juu ya bwawa. Alinionyesha barafu nyeusi, ambayo si nyeusi bali ni safi mpaka unaona majani yaliyozama. Na barafu nyeupe iliyotokana na theluji, yenye nusu tu ya nguvu ya ile nyeusi. Alinifanya nipige magoti nitazame ukuta wa pande lililokatwa: juu maziwa, katikati kijani, chini buluu ya usiku. "Sasa libebe," akasema, akanipa koleo la kulibana. Sikuweza hata kulitikisa. "Hilo ndilo lililokosekana kwenye picha yako," akasema. Nilidhani mtu huyu ni bedui. Kumbe ni mwalimu asiyekuwa na darasa.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeanza picha kubwa, darini mwa ghala la barafu, penye dirisha la kaskazini. Zimebaki siku kumi na mbili kabla ya kuisafirisha.

Nimefanya jambo ambalo rafiki zangu wa kule wangenicheka: nimeanza kwa mkaa. Nimewachora watu kwa mstari, kama alivyotufundisha Bwana Penniman tukiwa wasichana, mifupa kwanza, goti mahali pa goti. Miaka mitatu nimejifunza kuuogopa mstari. Lakini mtu anayesukuma pande lenye uzito wa watu wawili hawezi kuyeyuka. Akiyeyuka, pande linamshinda. Na hewa ya hapa haimyeyushi mtu. Juu ya watu hao naweka kila nilichojifunza ng'ambo: vivuli vya buluu, theluji yenye waridi na manjano, nyeusi hakuna hata tone. Nilikuwa nikidhani lazima nichague.

Jumamosi, 16 Februari

Shubael alinisimamia saa nzima akiwa ameinama na upondo. "Nisipopona mgongo," akasema, "nitakuja kuudai kwenye picha."

Jumanne, 19 Februari

Nimeikwangua theluji yote ya pichani. Ilikuwa ya Ufaransa.

Jumatano, 20 Februari

Nimeiweka upya, nzito, kwa kisu. Watu wakasimama juu yake.

Jumamosi, 23 Februari

Barafu ya mwisho imeingia ghalani leo adhuhuri. Rudd aliwaleta wote darini kabla hawajatawanyika. Walipanda ngazi wakavua kofia, nami nikawaogopa kuliko wazee wa Boston.

Shubael akaanza: "Huyo ni mimi! Tazameni mgongo huo! Mke wangu angeutambua gizani." Mwingine akamtambua farasi wake kwa jinsi anavyoweka sikio moja nyuma. Mmoja alilalamika kwamba kofia yake si ya zambarau. Jirani yake akamwambia aitazame nje penye jua kabla hajaapa.

Rudd alisogea karibu sana, pale nilipochora ukuta wa barafu iliyokatwa. Akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Inchi kumi na nne," akasema.

"Kumi na tano," akasema Shubael.

"Kumi na nne. Tazama ile nyeupe ya juu ilivyo nene."

"Hiyo ni theluji, Enos, haihesabiwi!"

Wakabishana. Wanaume wazima sita walibishana robo saa nzima, kwa hasira ya kweli, kuhusu unene wa barafu yangu. Nilikwenda nyuma ya nguzo nikalia.

Jumanne, 26 Februari

Picha imepanda treni. Imefungwa kwa mablanketi ya farasi, na unga wa mbao umejazwa pembeni. Shangazi alitaka kujua kama itafika bila kuyeyuka.

Ijumaa, 1 Machi

Hakuna habari.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna. Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika barua kwa shule ya wasichana. Sijaituma. Nilikwenda kwa Mercy, ambaye anataka nimfundishe kuchora miche yake. Ana jicho kali na hajui aibu.

Alhamisi, 14 Machi

Barua imefika. Niliifungua jikoni mbele ya shangazi, na Rudd, aliyekuwa ametuletea kuni, akajifanya anazipanga.

Bwana Penniman anasema waligombana kwa saa mbili. Nusu walisema ni ya Kifaransa mno: nani aliona theluji ya waridi? Nusu walisema si ya Kifaransa vya kutosha: mbona watu wana mifupa, mbona mikono imechorwa kama ya maseremala? Imepita kwa kura moja. Wataitundika juu ya mlango wa pili, mahali ambapo itaonwa zaidi na wanaotoka.

"Kura moja," nikasema. Sikujua kama nifurahi.

"Inatosha," akasema Rudd na kuni kifuani. "Mimi nilichaguliwa msimamizi wa barabara kwa kura moja, na barabara haijawahi kuuliza ilikuwa ngapi."

Shangazi alininyang'anya barua akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliikunja akaitia kifuani mwake, si kwangu. "Juu ya mlango," akasema. "Vizuri. Watainua vichwa."

Barua ya shule nimeitumia kuwashia jiko.

Jumatano, 27 Machi

Bwawa limefunguka. Matope hadi kifundo cha mguu.

Nyuma ya malisho ya kina Rudd kuna kinamasi ambako miti huchipua vijicho vyekundu kabla ya jani lolote kuja. Kwa wiki moja tu, kinamasi chote kinaonekana kama pumzi nyekundu iliyosimama juu ya maji ya kijivu. Nimepita hapo maisha yangu yote nikienda kutafuta ng'ombe.

Leo nilitandika ubao juu ya tope nikasimamisha stendi. Nyekundu ile si ya waridi la bustani, si ya vazi, si ya jua kuzama. Hakuna mtu aliyenifundisha kuichanganya, si Paris wala Boston. Mara ya kwanza ilitoka kama damu, nikaikwangua. Mara ya pili ilitoka kama matofali, nikaikwangua. Mvua ikaanza, nyembamba, nikafunga vifungo vya koti nikachanganya tena. Mara ya tatu nilirudi nyuma hatua sita kwenye matope, nikaitazama, nikaiacha ilivyo.